Sketi Bado Inamtosha

Ubao wangu ni wa msonobari.
Fundi mmoja wa Zacapa aliuranda
mpaka ukawa laini kama shavu.
Naubeba mgongoni, na huku Totonicapán
wakiniona napanda nao kilimani
huvua kofia, huuliza kwa sauti ya chini:
nani amefariki?
Hakuna, nasema. Nimekuja kupima walio hai.

Juzi nilikuwa kwetu, bondeni, kwenye joto.
Mtoto wa jirani, miaka minne,
aliupiga ubao teke, akanitemea ganda la tikiti,
akalia kilio cha mtu aliyeshiba maharage na jibini.
Sentimita mia na mbili, nikaandika kwa taabu,
maana hakutulia.

Huku juu wanatulia. Hilo ndilo linalonitisha.
Wanavua viatu kabla hujasema,
visigino wanavibandika ubaoni,
wanangoja.

Tomasa Puac anatukaribisha kahawa,
maji zaidi kuliko kahawa, sukari ya kujaza kiganja,
na mtoto naye ana kikombe chake.
Uani kuku wanne wanachakura.
Na mayai?
Mayai huenda sokoni Ijumaa.
Yai halilishi hata mmoja akashiba, anasema,
bali mahindi yake hulala tumboni mwa watatu.
Nilisoma hesabu chuoni miaka mitatu.
Sikuona pa kumkosoa.

Marcelina, miaka minne na miezi miwili.
Nashusha kibao taratibu mpaka kiguse utosi.
Themanini na tisa.
Nasoma tena, maana jicho nalo huona haya.
Themanini na tisa.
Kutoka kwetu hadi hapa
ni saa saba kwa basi
na sentimita kumi na tatu.

"Sisi ni wafupi," anasema mama,
Don Higinio akinitafsiria huku akitazama pembeni.
"Ndiyo damu yetu. Baridi ya mlima haikuzi mtu."
Kisha, bila kuombwa, anafungua simu
anionyeshe mdogo wake Jacinta,
aliyeolewa mji mkuu na kinyozi,
na binti wa Jacinta, Wendy:
bibi yao mmoja, pua moja,
wamepishana siku tisa kuzaliwa.
Wendy kaegemea jokofu, kibogoyo cha mbele kinacheka,
kichwa kimepita mpini wa mlango wa jokofu.

Tunaitazama ile picha, sote watatu.
Don Higinio hana cha kutafsiri.
Tomasa anaizima simu,
anaipangusa kwa aproni, anaiweka.

Ofisini watatafuta wastani.
Namjua wastani. Ni yule mjomba mwenye kipaza sauti harusini:
huyu kala sahani mbili, huyu hakuonja,
naye anatangaza, jamani, kila mtu kapata yake.
Watapaka ramani rangi,
bonde manjano, mlima kahawia iliyokolea,
itatundikwa penye kiyoyozi,
na mgeni atasema, rangi zimependeza.
Hakuna rangi ya yai la Ijumaa.

Natia saini. Nakunja ubao.
Mama anamvalisha mwanawe sketi,
buluu yenye mistari ya kijani,
kitambaa kakifuma babu, kushona kashona mwenyewe
mwaka ule binti alipotimiza miwili,
akaacha pindo la shibiri nzima
alifumue kidogo kidogo, kadiri miguu itakavyorefuka.

Anaipapasa, anaringa kidogo,
kama mtu aliyepata bidhaa kwa bei nzuri:
"Ona, dada. Miaka miwili sasa, bado inamtosha."

Nainama kufunga kamba za ubao.
Macho yangu yako sawa na lile pindo.
Halijaguswa.
Uzi wake bado unang'aa.